Mkia wa Nyumbu

Mchambuzi wa biashara ni jina jipya. Kazi yenyewe ni ya zamani, na Robanda, kijiji cha Waikoma kando ya Serengeti, ni mahali pazuri pa kuithibitishia. Sotoka ilipofyeka ng'ombe miaka ya 1890 na njaa ikafuata, Waikoma waliyategemea zaidi mapori yao kwa uwindaji. Nyama waliila. Mkia wa nyumbu waliupeleka Usukumani, ambako singa zake zilifungwa pamoja na kuzungushiwa waya mwembamba, zikawa bangili. Waikoma wakarudi na mifugo. Kwa mwindaji mwenyewe, mkia ule ulikuwa karibu sawa na takataka. Thamani yake aliijua aliyechunguza haja ya mtu wa mbali, akapima mwendo, hatari na majira ya nyumbu kuhama.

Atakayesema huo ni ubadilishanaji tu, usio na hesabu za maandishi, anachanganya daftari na akili. Hoja nzito zaidi ni kwamba soko lile halikudumu: Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa 1951, na uwindaji ule ukaitwa ujangili. Kweli, lakini kilichobadilika ni mwenye mamlaka juu ya nyumbu. Leo kijiji kinapojadili mapato ya utalii katika Ikona, eneo la jamii la hifadhi ya wanyamapori, swali ni lilelile: nani anakihitaji tulicho nacho, na kwa bei gani?