Akiba Haiozi: Historia ya Kukausha Chakula, Tangu Mlenda hadi Nanasi



Katika sherehe kama hii ya miaka kumi ni desturi kuhesabu magunia, fedha na maghala. Hesabu hizo zimo katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Mimi naomba nafasi nieleze juu ya kazi ndogo isiyoandikwa katika vitabu vya hesabu, ijapokuwa ndiyo iliyowalisha wazee wetu, nayo ni kukausha chakula. Sababu ya kuichagua ni kwamba siku hizi baadhi ya wanachama, hasa akina mama, hukausha mananasi nyumbani katika oveni, na wako watu wanaoicheka kazi hiyo na kuiita mchezo wa watu wa mjini. Nakusudia kuonyesha kwamba ni kazi ya kale iliyopata chombo kipya, na kwamba ndani yake limo fundisho kuu la ushirika.

Singida ni nchi ya mvua za msimu mmoja. Mvua huanza kati ya Novemba na Desemba, hukoma Aprili au Mei, kisha hufuata kiangazi kirefu. Kwa hiyo wenyeji wa Unyaturu na Iramba hawakuwa na hiari: mboga iliyochumwa katika miezi ya mvua ilipasa kuliwa mpaka mvua nyingine. Majani ya mlenda yalianikwa, yakatwangwa, na unga wake ukahifadhiwa. Majani ya kunde yalifanywa vivyo hivyo. Viazi vitamu vilikatwa vibichi na kuanikwa vikawa michembe, au vilichemshwa kwanza, vikakatwa na kuanikwa vikawa matobolwa, kama wafanyavyo jirani zetu wa Unyamwezi na Usukuma. Mtu aliyejaza vyungu vyake mwezi wa Mei alilala usingizi mwezi wa Oktoba. Katika ukame wa 1973 na 1974, nchi yetu ilipolazimika kununua nafaka nyingi ng'ambo, ilidhihirika tena kwa watu wote kwamba kulima bila kuhifadhi ni nusu ya kazi.

Nanasi, kwa upande wake, ni mgeni. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na jina lake lenyewe limetoka kwa wenyeji wa huko. Christopher Columbus aliliona katika kisiwa cha Guadeloupe mwaka 1493, na katika karne iliyofuata Wareno walilipeleka katika pwani za Afrika na Bara Hindi. Hapa Tanzania limestawi mahali penye mvua kuliko kwetu, mathalani Kiwangwa katika Wilaya ya Bagamoyo, na Geita upande wa Ziwa. Singida hutufikia kwa gari, na kila siku ya safari humpunguzia mwuzaji nguvu, kwa kuwa tunda lililoiva halingoji.

Adui huyo wa kuoza aliwasumbua wakulima wa mananasi kila mahali. Jawabu la kwanza lilikuwa kopo. Visiwa vya Hawaii vilipata sifa kwa mananasi ya makopo mwanzoni mwa karne ya 20, na jirani zetu wa Kenya walikuwa na kiwanda cha namna hiyo Thika kabla ya Uhuru wao wa 1963. Lakini kopo lahitaji mitambo mikubwa na mashamba makubwa, na mkulima mdogo alibaki kuwa kibarua tu. Jawabu la pili lilitoka kwa wakulima wadogo wa Uganda. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wamekuwa wakikausha mananasi na ndizi kwa jua, ndani ya masanduku ya mbao yenye nyavu na yaliyofunikwa karatasi ya nailoni, na bidhaa yao imeuzwa hata Uingereza. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba ujuzi ule ule wa mlenda waweza kuleta fedha za kigeni.

Oveni ya nyumbani hufanya kazi ya sanduku lile, ila haingoji jua. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, umeme umefika vijiji vingi, na oveni si tena chombo cha mjini peke yake. Utaratibu wake ni huu. Chagua nanasi lililoiva lakini bado gumu. Lioshe, limenye, ondoa macho na moyo, kisha likate vipande vya unene wa nusu sentimita, vyote sawasawa. Vipange juu ya wavu visigusane. Weka joto la digrii 60 hadi 70, na uache mlango wazi kidogo ili mvuke utoke. Joto likiwa dogo mno, nanasi huchacha. Likizidi, ngozi ya nje hukauka upesi na kufungia maji ndani, na baadaye kipande huota ukungu. Geuza vipande mara kwa mara. Kazi hiyo huchukua saa 8 hadi 12, pengine zaidi. Kipande kilichokauka hupindika bila kuvunjika, na ukikibana hakitoi maji. Kiache kipoe, kisha kitie katika chupa safi yenye kifuniko. Kioo kikiona unyevu katika siku za kwanza, rudisha vipande motoni.

Sasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo wengi hupunjika. Katika kilo 100 za nyama ya nanasi, karibu kilo 86 ni maji. Ukikausha vizuri hupati zaidi ya kilo 17 au 18. Basi kilo moja ya nanasi kavu ni karibu kilo 6 za nyama mbichi, mbali na maganda na moyo uliotupwa, na mbali na gharama ya umeme. Anayeuza kavu kwa kuiga bei ya bichi amejiibia mwenyewe. Kwa matumizi ya nyumbani, na kwa siku za mawingu, oveni yafaa. Kwa biashara, jua la kiangazi chetu halina bili, na sanduku la kukaushia hujengwa na seremala yeyote. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, hufundisha usindikaji wa vyakula. Na tangu 2019 usalama na ubora wa vyakula husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, ambalo mwenye kutaka kuuza hana budi kulifuata.

Ndugu zangu, ushirika katika nchi hii ulizaliwa kwa ajili ya bei. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walipounda KNCU mwaka 1933 walitaka kuuza kwa pamoja wasipangiwe bei na mnunuzi. Vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976, na kurudishwa kwa sheria ya 1982, tulijifunza kwamba chombo hicho hakina mbadala wake. Na Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya 2005 imejengwa juu ya wazo lile lile la chungu cha mlenda: mazao yakiwa salama ghalani, mkulima aweza kungoja. Mwenye kitu kitakachooza kesho huuza leo kwa bei ya mnunuzi. Mwenye kitu kilichohifadhiwa huketi wakazungumza.

Hivyo naomba kila chama cha msingi, katika miaka kumi ijayo, kijenge japo sanduku moja la kukaushia, kianze na mboga na viazi vyetu wenyewe, na kiwaalike akina mama wenye ujuzi wawe walimu. Wazee walisema akiba haiozi. Maneno hayo ni kweli kwa yule tu aliyejitahidi kukausha.

Ushirika udumu.

Katibu