Gasketi ya Tanga

Gari letu lilizima kilomita chache kabla ya Amboni, saa saba mchana, Agosti 2024. Mshale wa joto ulikuwa umeanza kupanda tangu Msambweni, tukawa twasimama, twaongeza maji, twaenda tena. Tulivuka mpaka wa Lunga Lunga hivo hivo, kwa dua. Baba alipochomoa kijiti cha oili, oili ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Hata mimi nisiyejua spana namba ngapi nilielewa kwamba maji na oili vimekutana mahali visipofaa kukutana.

Ni Pijo 504, stesheni wagoni, ya mwaka 1986. Baba aliinunua mtumba mwaka 1991, akiwa karani bandarini. Pale kwetu Magogoni, Kisauni, kila mtu ana kisa chake nayo: imepeleka maharusi, imepeleka maiti, imepeleka kina mama Kongowea alfajiri. Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, Baba alitaka kuiuza anilipie. Mimi ndiye niliyekataa. Waliokuja kuiangalia wote walikuwa watu wa vyuma chakavu, na bei yao isingelipa hata nusu muhula. Tangu siku hiyo gari likiharibika, naona kama deni ni langu.

Kabla ya safari tulikuwa tumeipeleka gereji moja kisiwani. Tukaambiwa gasketi ya hedi imeanza kwenda, kazi yote shilingi 48,000. Baba akacheka, akashukuru, akaondoka. Hatukuwa na hizo pesa, na dadake, shangazi yangu wa Tanga, alikuwa mgonjwa. "Twende," akasema, "ikifa, ifie kwa watu wetu."

Ikamsikiliza.

Lori la mchanga lilituvuta hadi Ngamiani, mitaa ya Tanga ambayo barabara zake zina namba badala ya majina. Gereji yenyewe ilikuwa mwembe, mabati manne na benchi. Watanzania huziita gereji za namna hiyo gereji bubu. Sisi tungesema jua kali. Fundi, mzee wa miaka sitini hivi, alipokea shikamoo yangu, akauliza twatoka wapi. Nikamwambia Magogoni.

"Magogoni? Ikulu?"

Vijana wake wawili wakaangua kicheko. Kwa Mtanzania, Magogoni ni Dar es Salaam, penye Ikulu na kivuko cha kwenda Kigamboni. Nikamweleza Magogoni yetu iko Kisauni, haina ikulu, ina matuktuk. Akafungua boneti huku bado anacheka, kisha akanyamaza. Alitaja bei baada ya nusu saa: laki mbili na sitini elfu, pamoja na gasketi, kuchongesha hedi na ufundi.

Nikatoa simu nikapiga hesabu. Shilingi yetu moja ilikuwa karibu 20 za kwao. Yaani 13,000. Nilitaka kuruka.

Usiku ule, tumelala kwa Shangazi kwenye mikeka, hesabu ile ilinikatalia usingizi. Chuoni nilikuwa nasomea uchumi, na niliwahi kujibu swali la mtihani kuhusu sarafu za Afrika Mashariki bila kulielewa. Kuanzia miaka ya 1920 Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia shilingi moja, iliyosimamiwa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1966 kila nchi ikafungua benki kuu yake na kutoa shilingi yake, na siku hizo moja ya Kenya ilikuwa sawasawa na moja ya Tanzania. Kilichotokea kati ya moja kwa moja na moja kwa ishirini ndicho kilichofanya gasketi yetu iwe rahisi. Tulichokiita bahati kilikuwa historia ya miaka karibu 60, na sehemu kubwa ya historia hiyo iliwaumiza watu kama yule fundi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilianza 1967. Reli, bandari, posta, ndege, vyote vya pamoja. Kufikia mwanzo wa 1977 shirika la ndege la pamoja lilikuwa limevunjika kwa ugomvi wa pesa, na Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Magari ya watalii kutoka Kenya yaliyokutwa upande wa pili yalizuiliwa huko huko. Mpaka ulibaki umefungwa hadi Novemba 1983.

Vitabu hueleza mambo hayo kwa majina ya marais. Nyumbani kwetu yaelezwa kwa jina la Bibi. Babangu alikuwa Mombasa kwa amiye, anasoma. Mamake alikuwa kijijini upande wa Tanga, si mbali na Horohoro. Wadigo wako pande zote mbili za mpaka ule, na njia za panya zilikuwapo, lakini kijana wa shule wa miaka 19 hazijui. Bibi alifariki 1980. Habari zilimfikia Baba arubaini imeshasomwa. Hajawahi kulisimulia zaidi ya hapo. Ila alipopata gari mwaka 1991, safari yake ya kwanza ndefu ilikuwa Tanga, na tangu hapo kila mwaka lazima aende, gari likiwa zima au bovu. Mimi nilikuwa nikidhani ni ukaidi wa wazee.

Asubuhi nilimkuta fundi ameshavua hedi. Aliweka rula ya chuma juu yake, akainua usawa wa jua, akanionyesha mwanga ukipenya katikati. Hedi ilikuwa imepinda kwa joto. Halafu akafunga silivu nne za injini kwa bolti na washa, akawaonya vijana: "Mtu asizungushe krenki." Injini ya 504 silivu zake zimekaa ndani ya maji, hazikupigiliwa kwenye bloku. Ukiondoa hedi halafu ukazungusha krenki, zaweza kuinuka, na hapo umejinunulia injini nzima.

Nikamuuliza haya alijifunzia wapi. Akasema alianza 1981, na shule yake ilikuwa shida.

Nchi ilikuwa imetoka vita vya Kagera vya 1978 na 1979, hazina haina pesa za kigeni, mafuta ni ya kupanga foleni. Kuna wakati magari ya binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana ili kuokoa mafuta. Spea haziagizwi. "Gari likija halina kitu, hukuweza kumwambia mwenyewe akanunue. Akanunue wapi? Unakichonga." Uagizaji ulianza kulegezwa 1984, na baada ya Mwinyi kuingia Ikulu 1985 bidhaa zikarudi madukani. Lakini mikono ilikuwa imeshajifunza, na imefundisha mingine.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Hii Pijo imeunganishwa Mombasa, kwenye kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers kilichoanzishwa miaka ya 1970. Kulikuwa na wakati 504 ilikuwa gari la serikali, la mwalimu mkuu na la matatu za masafa, na mwaka 1975 Ove Andersson alishinda nayo Safari Rally. Kisha miaka ya 1990 soko likafunguliwa, mitumba ya Japani ikashuka bandarini, viunganishi vya nyumbani vikapungukiwa kazi. Leo Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Tanzania huyaruhusu ya zamani, ila huyatoza ushuru wa ziada wa uchakavu. Kwa hivyo duka la spea Mombasa limejaa vitu vya Toyota, na gari lililozaliwa Mombasa yabidi likatibiwe ng'ambo. Gasketi yetu ilitoka Dar, ikaja kwa basi la usiku, imefungwa kwenye gazeti.

Siku ya pili jioni injini ilinguruma. Fundi akaiacha dakika arubaini, mshale haukusogea. Hapo ndipo nilipojitia ujanja. Nikaanza kumbembeleza apunguze, laki mbili na ishirini, sisi ni ndugu, jumuiya imefufuliwa tangu mwaka 2000, si ndiyo? Fundi alitabasamu tu, akifuta mikono.

Baba akanivuta kando. "Usimlalie mtu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Umeona alivyofanya kazi. Kwetu ungelipa 48,000 ukasema asante."

Kwanza nilikasirika, hizo laki mbili na ishirini zilikuwa za makala zangu mbili. Halafu nikahesabu upya. Toa gasketi, toa nauli ya basi, toa mwenye mashine aliyechonga hedi. Kilichobaki kilikuwa cha watu watatu, siku mbili. Hiyo 35,000 niliyokuwa najisifu kuiokoa ilitoka mahali, na sehemu yake ilitoka pale pale mwembeni. Nikalipa laki mbili na sitini. Baba akaongeza elfu ishirini za vijana. Fundi akakataa mara moja, mara ya pili akapokea.

Kesho yake tulimpakia Shangazi kiti cha nyuma, kwa sababu alisema akilala zaidi ataota mizizi, tukarudi barabara ya Horohoro hadi kijijini. Kaburi la Bibi halina jiwe lenye jina, ila Shangazi anajua ni lipi, yeye alikuwapo. Baba alisoma Yasini amesimama, mkono mmoja umeegemea mlango wa Pijo, maana magoti yake nayo ni ya zamani.

Mimi nilikaa kwenye usukani nikiangalia mshale. Ulikuwa umesimama katikati, pale unapotakiwa kusimama.