Kwa nini gari lililozama mafurikoni lisiwashwe upesi

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto Sebeya ulifurika na kuvamia makazi ya Nyundo na maeneo jirani wilayani Rubavu, magharibi mwa Rwanda. Mafuriko na maporomoko ya udongo ya usiku huo yaliua zaidi ya watu 130 nchini humo. Maji yanapopungua baada ya maafa ya namna hiyo, mwenye gari hujiuliza swali moja: je, litawaka?

Katika magari ya zamani, umeme wa kuwashia injini ulikatwa na platini, vipande viwili vya chuma vilivyoachana na kukutana kadiri injini ilivyozunguka. Vikilowa, fundi alifungua kifuniko cha distributa, akakipangusa kwa kitambaa kikavu, na mara nyingi safari ikaendelea.

Mfumo wa kielektroniki hauna platini. Kihisio kilicho karibu na gurudumu lenye meno huiarifu kompyuta ya injini pistoni zilipofika. Kompyuta huruhusu umeme wa betri, wa volti 12, upite katika koili, kisha huukata ghafla kwa transista. Kukatwa huko ndiko kunakozaa volti 20,000 au zaidi, zinazoruka kama cheche katika mwanya wa plagi wa takriban milimita 1 na kuwasha mchanganyiko wa petroli na hewa. Injini ya silinda 4 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huhitaji cheche 100 kila sekunde. Platini ziliimudu kazi hiyo, ila zililika na kudai marekebisho ya mara kwa mara.

Kwa mfumo huu mpya, kitambaa hakitoshi. Maji machafu hupitisha umeme kati ya nyaya zisizopaswa kugusana, na kutu huendelea kula viunganishi hata gari likishakauka. Ndiyo maana gari huweza kuwaka leo, likazimika barabarani mwezi ujao.

Hatari kubwa zaidi imo ndani ya silinda, kwani maji hayabanwi kama hewa. Ufunguo ukizungushwa, pistoni huyagonga na mkono wake unaweza kupinda. Hapa hata injini za dizeli, ambazo hazitumii cheche, hazisalimiki. Hivyo betri hutenganishwa kwanza, plagi zikafunguliwa, injini ikazungushwa kwa mkono ili maji yatoke, oili ikabadilishwa, na viunganishi vikasafishwa kimoja kimoja na kukaushwa kabla ya ufunguo kuguswa.