Dorkasi, Paa wa Yafa

Somo letu la leo latoka katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, mstari wa 36 hadi wa 43. Ni habari za mwanamke wa Yafa, na pia ni habari za jina lake.

Huku Lamu bara, mara nyingi tunapouliza wakati wa ubatizo, "Mtoto huyu ataitwa nani?" hujibiwa, "Dorkasi." Tukiuliza kwa nini, wazazi husema, "Ni jina la nyanya yake." Jibu hilo ni jema, lakini halitoshi.

Dorkasi ni neno la Kigiriki, maana yake paa. Wagiriki wa kale waliliunganisha na neno lao la kuona wazi, kwa sababu ya macho ya mnyama yule, makubwa tena maangavu. Lakini nyumbani mama huyu aliitwa Tabitha, neno la Kiaramu lenye maana ile ile. Sibia, mama yake mfalme Yoashi, naye alikuwa na jina la paa kwa Kiebrania. Na Waarabu mpaka leo huwapa binti zao majina ya paa.

Yafa ilikuwa bandari, na watu wa bandari huwa na lugha zaidi ya moja. Ndiyo sababu Luka ameandika majina yote mawili, kama mtoto wetu aitwavyo Dorkasi kanisani na Wanjiku nyumbani. Petro alipomwita kutoka mautini, alimwita Tabitha. Basi Bwana anatujua hata kwa jina tuliloitwa na mama zetu.

Katika Agano Jipya lote, Dorkasi ni huyu mmoja tu. Ulaya, hata Ugiriki kwenyewe, ni wachache waitwao hivyo. Limefikaje kwetu, likawa la wengi?

Katika karne ile ile ya kwanza, mabaharia wenye kujua Kigiriki walipita pwani yetu kwa pepo za msimu. Kitabu chao cha safari, kiitwacho Periplus, kinataja visiwa vya Pyralaoi na mlango wa bahari, na wataalamu wengi huona kwamba ndivyo hivi visiwa vya Lamu, Manda na Pate. Lakini si wafanyabiashara hao waliotuletea Dorkasi. Jina hili lililetwa na sindano.

Mwaka 1834, katika Isle of Man karibu na Uingereza, wanawake wa kanisa waliosalimika na kipindupindu walianzisha chama cha kuwashonea maskini nguo, wakakiita chama cha Dorkasi. Vyama vya namna hiyo vikaenea. Wamisionari walipokuja kwetu, katika shule zao nyingi wasichana walifundishwa kusoma Biblia na kushona. Binti aliyebatizwa akalipenda jina la mwanamke aliyemwona katika Maandiko akifanya kazi ile ile ya mikono yake. Kisha, kwa desturi ya kuwaita wajukuu kwa majina ya bibi zao, jina likapita kizazi hata kizazi. Watu walipopewa mashamba katika makazi ya Ziwa Kenyatta, Mpeketoni, miaka ya 1970, wengi wao Wakristo, walikuja na majembe yao na majina yao.

Ndugu, tangu usiku ule wa tarehe 15 Juni mwaka 2014, jina hili lina uzito mwingine kwetu. Katika mashambulizi ya Mpeketoni na vijiji vya jirani waliuawa watu zaidi ya 60, wengi wao wanaume. Wake zao wakabaki. Siku zile za kwanza wageni walikuwa wengi, na magari, na mahema, na unga. Kisha watu wakarudi makwao. Leo ni nani ampaliliaye mjane shamba lake? Ni nani akaaye naye giza linapoingia?

Wako wasimulizi wa pwani waliokwisha kutuonya. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wetu huko Unguja, alichapisha mwaka 1870 hadithi ya Sultani Darai. Maskini mmoja aliokota thumuni jaani, akanunua paa. Paa yule akamtajirisha. Lakini paa alipougua, bwana wake akamdharau. Na alipokufa akatupwa kisimani. Asubuhi yule mtu akaamka, yuko jaani tena.

Paa wa Yafa hakusahauliwa hivyo. Alipokufa, wajane walisimama karibu na Petro wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Hawakutoa hotuba, ushahidi wao walikuwa wameushika mikononi. Luka naye amemwita mwanafunzi, kwa neno la Kigiriki la kike ambalo halitokei mahali pengine popote katika Agano Jipya. Hatusomi kwamba alihubiri. Alishona, na akaitwa mwanafunzi wa Yesu.

Sisi wa Lamu twajua kazi ya sindano. Kofia ya vito haishonwi kwa siku moja. Ni tundu kwa tundu, mwezi kwa mwezi. Na kumtunza mjane ni vivyo hivyo. Wewe uitwaye Dorkasi, jina lako ni kazi uliyopewa. Na wewe usiyeitwa hivyo, hukusamehewa kazi hiyo. Juma hili, mtembelee mjane mmoja, awe wa kanisa lako au jirani Mwislamu. Na juma lijalo, rudi.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemrudisha Tabitha kwa wajane wake, uturudishe na sisi kwa wajane wetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.