Mazimbu: Shamba la mkonge lililogeuka kuwa nyumbani

Mgeni akifika Morogoro, mji kasoro bahari, macho yake huenda mlimani. Atapanda Morningside, au atapitiliza Mikumi kutazama tembo. Anayekwenda Mazimbu anaipa milima ya Uluguru mgongo, na ndiyo maana huko hukutani na mtu mwenye kamera shingoni. Daladala ikishakuteremsha na kuondoka, unasikia ndege, na unasikia nyayo zako mwenyewe chini ya miti. Wanafunzi wanapita na madaftari. Leo hii ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), lakini nyumba hizi hazikujengwa na SUA.

Chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ANC, kilikuwa mwenyeji wa Morogoro tangu miaka ya 1960, kilipohamishia hapa makao yake kutoka Dar es Salaam. Mkutano wake mkubwa wa mwaka 1969, wa kuanzia Aprili 25 hadi Mei 1, ulifanyika hapahapa, na mpaka leo wanahistoria wanauita kwa jina la mji wetu. Ila wakati ule Mazimbu ilikuwa bado mkonge.

Kilichobadilisha mambo ni watoto. Juni 16, 1976, wanafunzi wa Soweto waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaans, nao wakapigwa risasi. Baada ya hapo vijana kwa maelfu walivuka mipaka, wengine hawajamaliza hata sekondari. Chama kilichojiandaa kupokea wapiganaji kikajikuta kinahitaji walimu. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania ikakipa shamba la mkonge lililokuwa limeachwa hapo Mazimbu, na Mama Anna Abdallah, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro, ni miongoni mwa waliohangaikia ardhi hiyo ipatikane.

Waliotangulia walikuta pori na nyumba chakavu za shamba. Walianza kwa kufyeka na kukarabati, wanafunzi wakishika majembe pamoja na walimu wao, na mafundi wa Kitanzania wakichanganya zege bega kwa bega nao. Aprili 6, 1979, serikali ya makaburu ilimnyonga Solomon Mahlangu, mpiganaji wa ANC wa miaka 22, na shule waliyokuwa wakiijenga hapo ikapewa jina lake. Oliver Tambo, kiongozi wa ANC, aliifungua rasmi mwaka 1985. Kufikia hapo palikuwa na shule ya msingi na sekondari, mabweni, hospitali, karakana ya useremala, kiwanda cha nguo, ng'ombe wa maziwa na nguruwe. Fedha nyingi zilitoka Sweden, Norway, Uholanzi na kwa marafiki wengine.

Palikuwa pia na kituo cha kulelea watoto wadogo, kilichopewa jina la Charlotte Maxeke. Hapo ndipo mimi husimama kila nikipita. Wakimbizi wanaodhani watarudi kwao kesho hawajengi mahali pa kulaza vichanga mchana. Watu hawa walikuwa wanazaa, wanalea, wanagombana, wanapatana. Walikuwa wanaishi.

Na waliishi pamoja nasi. Wanaume wa Afrika Kusini waliwaoa mabinti wa Morogoro, watoto wakazaliwa wakiongea Kiswahili. Julai 1992, baada ya ANC kuruhusiwa tena kwao, Tambo alirudi kuikabidhi Mazimbu kwa serikali ya Tanzania, mbele ya Rais Mwinyi. Mizigo ya nguo ikafungwa. Baadhi ya wake waliondoka na waume zao kwenda nchi wasiyoijua. Wengine walibaki na watoto, wakingoja barua. Kila habari hii inaposimuliwa huanza na viongozi na hukomea kwenye sherehe ya makabidhiano. Naona ni dhuluma. Wanawake hao walibeba sehemu yao ya ukombozi wa Afrika Kusini, na hakuna jengo hata moja nililoona pale likiwataja.

Kabla ya kuondoka, nenda makaburini. Yamepangwa kwa safu, mawe yana majina ya Kizulu, Kixhosa, Kisotho. Soma miaka: aliyezaliwa Johannesburg, akafia Morogoro, asiuone uhuru wa 1994. Siku niliyokwenda mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, tope jekundu limerukia jiwe moja hadi kwenye herufi. Nilifuta kwa kiganja mpaka jina likasomeka. Nilipoinua kichwa, wingu lilikuwa limeshaondoka Bondwa, kilele cha Uluguru, na mlima wote ukaonekana, uleule walioamka wakiutazama kila siku kwa miaka yote ile.