Bolti za mwamba: kinachozuia paa la handaki lisianguke

Treni ya SGR inayotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma ikifika milima ya Kilosa huingia kwenye mahandaki. Anayepita humo mara ya kwanza hujiuliza: mlima wote huo juu ya kichwa changu unashikiliwa na nini?

Wengi hudhani ni zege peke yake. Zege lina kazi yake, lakini handaki likichimbwa kwenye mwamba, mzigo mkubwa hubebwa na mwamba wenyewe. Taabu ni nyufa. Mwamba wa ardhini mara nyingi umekatikakatika, na ukishatobolewa, mawe ya juu hayana tena kitu cha kuyabana kwa chini. Likichomoka moja, la pili hupata upenyo.

Hapo ndipo bolti inapohitajika. Ni chuma kirefu kama nondo, kinachoingizwa kwenye tundu lililotobolewa mwambani. Ndani hushikwa kwa saruji, kwa gundi maalumu au kwa kichwa kinachotanuka. Nje huwekwa bamba na nati, kisha hukazwa.

Bolti haibebi mlima. Inayabana mawe yashikane yenyewe. Mhandisi Thomas Lang alilionyesha hilo katika mradi wa umeme wa maji wa Snowy Mountains, Australia, uliojengwa kuanzia 1949 hadi 1974. Alijaza ndoo kokoto zilizopitishwa bolti ndogo zenye vibamba, akazikaza, akaigeuza ndoo mdomo chini. Kokoto hazikumwagika, ingawa hakukuwa na gundi wala saruji.

Kutokana na majaribio ya namna hiyo ilipatikana kanuni inayotumika hadi leo: urefu wa bolti usipungue mara mbili ya nafasi kati ya bolti na bolti. Zikiachana mita 1.5, kila moja iwe na mita 3 au zaidi.

Sasa ndoo imehamia kwenye kompyuta. Mwaka 1971 Peter Cundall alitoa njia ya kukokotoa mwamba kama rundo la mawe yanayosukumana, kila jiwe na mwendo wake. Mhandisi huingiza mwelekeo wa nyufa, msuguano na maji, huweka bolti, kisha hutazama jiwe lipi linateleza. Handaki linaweza kuanguka mara mia humo bila kumuumiza mtu. Ila kompyuta huzijua nyufa ilizoambiwa tu, ndiyo maana wakati wa kuchimba kuta hupimwa kama zinasogea, na baadhi ya bolti huvutwa kwa jeki kuona kama zimeshika.

Kwa ndugu zetu wachimbaji wadogo: matimba hufanya kazi nyingine, hulipokea jiwe likishalegea. Na nondo iliyogongomelewa tu kwenye ufa, bila saruji wala bamba la kukazia, si bolti. Inaweza hata kuupanua ufa wenyewe.