Ifahamu Rwanda: Uchumi unaokua kwa kasi, ushindani mdogo wa kisiasa

Rwanda ni nchi isiyo na bahari, yenye eneo la kilomita za mraba 26,338 tu. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 13.2, na msongamano huo ni miongoni mwa mikubwa zaidi barani Afrika. Kwa sababu hiyo suala la ardhi halitengani na siasa zake.

Baada ya kutawaliwa na Ujerumani, kisha Ubelgiji, ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Mwaka 1994, katika muda wa siku 100 hivi, watu wapatao 800,000, wengi wao Watutsi, waliuawa katika mauaji ya kimbari. Serikali husema idadi ilizidi milioni moja. Chama cha RPF, ambacho wapiganaji wake waliitwaa Kigali mwezi Julai mwaka huo, kingali madarakani.

Paul Kagame amekuwa rais tangu 2000. Kura ya maoni ya 2015 ilimruhusu kuendelea kugombea, na Julai 2024 alitangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 99 ya kura. Wakosoaji wake Diane Rwigara na Victoire Ingabire walizuiwa kushiriki. Wafuasi wake hutaja usalama, bima ya afya na bunge ambalo wanawake ni zaidi ya asilimia 60. Mashirika ya haki za binadamu hutaja wapinzani waliofungwa au kukimbilia uhamishoni. Hoja zote mbili zina ushahidi.

Uchumi ulikua kwa zaidi ya asilimia 8 mwaka 2022, 2023 na 2024, ukitegemea utalii, kahawa, chai na madini. Mabadiliko hayo, pamoja na mipaka yake, huonekana wazi Kinyinya, sekta ya wilaya ya Gasabo jijini Kigali. Kwa miongo kadhaa milingoti ya Deutsche Welle ilirusha matangazo ya redio kutoka hapo, hadi kituo kilipofungwa Machi 2015. Sasa kilima cha Kinyinya kimetengewa mradi wa Green City Kigali, wenye takriban hekta 600, unaokusudiwa kuwa na makazi ya bei nafuu. Ahadi hiyo ina uzito wake: katika sekta hiyo hiyo, huko Gacuriro, nyumba za Vision City, zilizojengwa kwa fedha za mfuko wa hifadhi ya jamii, zililalamikiwa kwa bei ambazo mwananchi wa kawaida hazimudu.

Wasiwasi mkubwa zaidi unatoka ng'ambo ya mpaka. Waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, mashariki mwa Congo, Januari 2025. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema Rwanda inawasaidia. Kigali inakanusha, ikisema inajilinda dhidi ya wapiganaji wa FDLR. Nchi hizo mbili zilisaini mkataba wa amani mjini Washington tarehe 27 Juni 2025, lakini kufikia wakati huo Uingereza ilikuwa imekwisha kusitisha sehemu ya misaada yake kwa Rwanda.